Lyme Regis: Ufukwe Ambao Binti wa Seremala Aliokota Historia ya Dunia, Sifa Wakachukua Wengine

Leo tunapumzika kidogo na stori za mastaa, nani kaachana na nani na nani kanunua gari gani. Tunakwenda ufukweni, ila si Zanzibar wala Mombasa. Tunakwenda kusini mwa Uingereza, kwenye kamji kanakoitwa Lyme Regis. Ni kadogo kweli, wakazi wake hawafiki hata elfu tano.

Kwa nini huko? Kwa sababu huo ufukwe una stori moja ambayo kila kijana anayepambana anapaswa kuijua. Ni stori ya watu wa chini waliofanya kazi ngumu, kazi iliyobadilisha kabisa namna binadamu anavyoielewa dunia, halafu siku ya kutaja majina, majina yao hayakutajwa. Kama umewahi kukesha na kazi mpaka asubuhi halafu kwenye kikao akapigiwa makofi bosi wako, basi hii inakuhusu. Kaa mkao wa kula.

MJI WENYEWE UKOJE

Lyme Regis upo Dorset, karibu kabisa na mpaka wa Devon. Treni haifiki pale. Zamani ilifika, reli ilifunguliwa mwaka 1903, lakini mwaka 1965 ikafungwa. Kwa hiyo siku hizi unapanda treni London, unakaa ndani karibu masaa matatu, unashuka Axminster, halafu unamalizia na basi. Barabara kuu ya mji inashuka mteremko mkali, maduka kushoto na kulia, na mwisho wa mteremko ni bahari.

Sasa ukisikia bahari usianze kuwaza minazi. Maji ya kule ni ya baridi hata mwezi wa nane, ambao kwao ndio kiangazi. Wazungu wanaingia hivyohivyo, wanatoka wekundu kama kamba, wanajifunika mataulo na kula samaki na chipsi huku wamezungukwa na ndege wa baharini. Hao ndege ni vibaka haswa. Ukizubaa na chipsi zako, zinaondoka.

Pale mbele ya mji kuna kipande cha mchanga laini, watoto wanajenga nyumba zao. Kumbe ule mchanga si wa pale! Uliletwa kwa meli kutoka Ufaransa, katikati ya miaka ya 2000, wakati mji unajenga kinga ya kuzuia bahari. Mji wenyewe umekaa juu ya udongo na mwamba laini, na bahari inautafuna kila mwaka. Kumbuka hilo la bahari kutafuna ardhi, maana ndilo lililozaa stori yote ya leo.

Kitu kingine utakachokiona ni ukuta mkubwa wa mawe unaoingia baharini, umepinda kama mkono unaokumbatia boti. Unaitwa Cobb. Tangu karne ya 14 watu wameandika habari zake, na mwanzoni ulijengwa kwa magogo na mawe makubwa tu. Bila huo ukuta pasingekuwa na bandari, na bila bandari pasingekuwa na mji. Wapenzi wa filamu za zamani wanaujua. Mwaka 1981 Meryl Streep alisimama kwenye ncha yake, amevaa joho jeusi, mawimbi yanapiga, kwenye filamu iliyotokana na riwaya ya John Fowles, mwandishi ambaye aliishi hapohapo Lyme. Na kabla yake, Jane Austen, mwandishi maarufu wa Kiingereza, alikuja kupumzika pale mwaka 1803 na 1804. Kwenye riwaya yake ya Persuasion kuna binti anaruka kutoka kwenye ngazi za ukuta huohuo akitegemea adakwe, anakosewa, anaanguka na kuzimia. Mpaka leo watalii wanaulizana ni ngazi zipi.

Ila hao wote ni watu wa majina. Tuje kwa wengine.

UFUKWE WA DAMU

Hilo neno Regis ni la Kilatini, maana yake "ya mfalme". Mfalme Edward wa Kwanza aliupa mji hati mwaka 1284, ndiyo ukabeba hilo jina. Cha kuchekesha ni kwamba mji wenyewe baadaye ulikuja kuwa mbishi kwelikweli kwa wafalme.

Mwaka 1644, wakati Waingereza wanapigana wenyewe kwa wenyewe, mfalme upande mmoja na bunge upande wa pili, Lyme ilikaa upande wa bunge. Jeshi la mfalme likauzingira mji kwa karibu wiki nane. Likashindwa! Na kwenye kuulinda mji, wanawake walikuwa mstari wa mbele, wakiwabebea wapiganaji risasi na kuzima moto pale paa zilipowashwa. Kuna mtu alitunga kabisa utenzi wa kuwasifu mwaka uliofuata. Lakini ukiuliza walikuwa akina nani, binti wa nani, mke wa nani, wengi wao hakuna anayejua. Walibaki kuwa "wanawake wa Lyme", basi.

Miaka 41 baadaye, tarehe 11 Juni 1685, jamaa mmoja mwenye cheo, Duke wa Monmouth, mtoto wa nje ya ndoa wa mfalme aliyekuwa amefariki, alishuka kwenye ufukwe ulio magharibi mwa Cobb akiwa na watu 82. Alikuja kumpindua baba yake mdogo, Mfalme James wa Pili. Wakulima, wafumaji na mafundi wa vijiji vya jirani wakamiminika kumuunga mkono, wengine na mapanga yao ya kukatia majani. Ndani ya wiki nne habari yao ikawa imekwisha, walipigwa vibaya vitani tarehe 6 Julai. Duke akakatwa kichwa London. Na tarehe 12 Septemba, wanaume 12 waliletwa kunyongwa kwenye ufukwe uleule ambao bosi wao alishukia.

Leo ufukwe huo unaitwa Monmouth Beach. Umeona mchezo? Aliyewaingiza watu kwenye matatizo ndiye aliyepewa ufukwe.

MATAJIRI WANAKUJA, MASIKINI WANATANDIKA BIASHARA

Ikafika mwishoni mwa karne ya 18. Madaktari wa Uingereza wakaanza kuwaambia wagonjwa wao kwamba maji ya bahari ni dawa. Uoge, na wengine waliambiwa kabisa wayanywe. Halafu kukawa na vita na Ufaransa, kwa hiyo wenye hela waliozoea kwenda kutanua Ulaya wakakwama nyumbani. Wakaanza kumiminika miji ya pwani kama Lyme. Wanawake wa heshima hawakuonekana wakiingia majini hivihivi. Waliingia kwenye vibanda vya mbao vyenye magurudumu, vikavutwa na farasi mpaka kwenye maji, wakavulia nguo humohumo na kushukia upande wa bahari.

Sasa watalii wakija, machinga hawakosekani. Na Lyme ilikuwa na bidhaa ambayo haipatikani kila mahali: mawe ya ajabu. Mengine yamejiviringisha kama nyoka aliyelala, watu wakayaita nyoka wa mawe. Mengine ni marefu yamechongoka, wakayaita vidole vya shetani. Hakuna aliyejua vizuri ni nini. Mgeni anaona, anashangaa, ananunua, anakwenda kuweka kabatini.

Leo tunajua ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka kuwa mawe. Karibu miaka milioni 200 iliyopita pale Lyme palikuwa ni chini ya bahari. Viumbe walikufa, wakazama kwenye tope, tope likawafunika, na baada ya muda mrefu usioweza kuuhesabu kichwani, tope likawa mwamba na mifupa ikawa jiwe. Hao nyoka wa mawe ni amonaiti, ndugu wa mbali wa pweza na ngisi waliokuwa wakiishi ndani ya magamba. Bahari inapokuja kuutafuna ule mwamba, inawatoa tena nje.

Na hapo ndipo anaingia binti wetu.

MTOTO ALIYENUSURIKA RADI

Mary Anning alizaliwa Lyme Regis tarehe 21 Mei 1799. Baba yake, Richard, alikuwa fundi seremala, na mambo yakiwa magumu alikuwa anaokota visukuku na kuwauzia watalii. Wazazi wake walizaa watoto karibu kumi. Waliofika utu uzima ni wawili tu, Mary na kaka yake Joseph. Hata hilo jina Mary alirithi kutoka kwa dada yake aliyefariki kwa kuungua moto kabla yeye hajazaliwa.

Yeye mwenyewe alichungulia kaburi. Agosti 1800, akiwa na mwaka mmoja na miezi, alibebwa kwenda kuangalia maonyesho ya farasi. Mvua ikanyesha, wanawake watatu wakakimbilia chini ya mti pamoja naye. Radi ikapiga. Wanawake wote watatu wakafa, mtoto akapona. Watu wa mji walisema hiyo radi ndiyo iliyompa akili. Sisi tuseme tu siku zake zilikuwa hazijafika.

Mwaka 1810 baba akafariki, akaiachia familia deni la pauni 120. Kwa wakati huo hiyo ilikuwa hela nzito sana kwa watu wa aina yao. Mary alikuwa na miaka 11. Ilibidi mama na watoto waingie ufukweni kutafuta riziki.

Na usidhani ni kuokota mawe kwa raha. Msimu mzuri wa kazi ni kipindi cha baridi kali, kwa sababu ndipo dhoruba na mvua zinaangusha vipande vya mwamba na kufunua vitu vipya. Unatakiwa uwahi kabla bahari haijavichukua. Kwa hiyo unatembea chini ya kuta za mwamba zinazoweza kukuporomokea wakati wowote, miguu ipo kwenye maji ya baridi, na maji yakianza kujaa njia ya kurudi inafungwa. Mwaka 1833 kipande cha mwamba kiliporomoka hatua chache kutoka alipokuwa Mary. Yeye akapona, mbwa wake Tray, aliyekuwa akizunguka naye kila siku, akafukiwa palepale.

SAMAKI, MAMBA, AU KITU GANI HIKI?

Mwaka 1811 Joseph aliona fuvu limejitokeza kwenye mwamba. Fuvu lenye urefu wa zaidi ya mita moja, macho makubwa kama sahani, meno kama ya mamba. Mwaka uliofuata, Mary akiwa na miaka 12 hivi, akapata mwili wenyewe. Ulikuwa zaidi ya mita 5. Familia ikakodi vibarua wakauchimba na kuutoa.

Watu walijua ni mamba. Haikuwa mamba. Ilikuwa ni iktiosauri, mnyama wa baharini wa kundi la reptilia mwenye umbo kama pomboo, ambaye alikwishatoweka duniani mamilioni ya miaka kabla binadamu hajakuwepo. Hebu fikiria huo wakati. Hata neno dinosaria lilikuwa bado halijatungwa, lilikuja mwaka 1842. Watu wengi waliamini dunia ina miaka elfu kadhaa tu, na kwamba Mungu hawezi kuumba kiumbe halafu akiache kipotee chote. Na hapa mtoto wa marehemu seremala anatoa kwenye tope mnyama ambaye hayupo popote duniani.

Familia iliuza lile windo kwa pauni 23 kwa tajiri wa eneo hilo. Baadaye likafika London, likaonyeshwa, watu wakafurika kuliona, na mwaka 1819 jumba la makumbusho la taifa likalinunua kwa takribani pauni 45. Mwaka 1814 daktari mmoja mkubwa wa London aliandika makala ya kitaalamu kuhusu mnyama huyo. Hakumtaja Mary, wala Joseph. Fuvu lipo London mpaka leo kwenye makumbusho ya viumbe. Mwili ulipotelea katikati na haujulikani ulipo.

Mary hakuishia hapo. Shule yake ilikuwa ya Jumapili kanisani, ndiko alikojifunza kusoma na kuandika. Mengine yote alijifundisha. Makala za kitaalamu alikuwa haziwezi kuzinunua, kwa hiyo anaazima, anakaa chini ananakili kwa mkono neno kwa neno, mpaka na michoro. Anapasua samaki na ngisi wa kawaida ili ajue ndani walivyopangwa, halafu analinganisha na wale wa kwenye mawe. Sisi ambao tuliishia kidato cha nne na kila tunachokijua tumekipata kwa kujitafutia, huyu dada ni wa kwetu kabisa.

KIKAO CHA LONDON

Desemba 1823 Mary akapata kiumbe kingine: plesiosauri, mzima kutoka kichwa mpaka mkia. Mwili kama kasa, makasia manne, shingo ndefu kupita kiasi. Mchoro wake ukapelekwa Paris kwa Georges Cuvier, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa fani hiyo duniani. Cuvier akaguna. Hiyo shingo ina mifupa mingi mno, alisema, inawezekana kuna mtu kaunganisha wanyama wawili.

Wadau, mnaelewa uzito wa hilo neno? Kwa profesa, kukosea ni aibu ya wiki moja. Kwa machinga anayeishi kwa kuuza anachokiokota, kuitwa tapeli ndio mwisho wa biashara, na mama yake alale njaa. Maisha yote ya Mary yalikuwa yamening'inia kwenye mifupa 35 ya shingo.

Februari 1824 Chama cha Jiolojia kikakutana London. Mnyama akachunguzwa na kujadiliwa, ikaonekana ni wa kweli. Cuvier mwenyewe akakubali kwamba aliharakisha. Mchungaji William Conybeare ndiye aliyesimama kumwelezea mnyama mbele ya wakubwa, akapata heshima zake. Na aliyempata, akamchimba, akamsafisha mfupa kwa mfupa? Hakutajwa. Wala hakuwemo ukumbini, kwa sababu chama hicho hakikupokea wanawake. Wanawake wa kwanza waliruhusiwa kuhudhuria vikao mwaka 1904, na kuwa wanachama kamili mwaka 1919. Mary alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 70.

Tuseme haki pia, si wote walikuwa wabaya. Mwaka 1820 mteja wake mmoja, Thomas Birch, alipoona familia inauza mpaka vyombo vya ndani, alipiga mnada mkusanyiko wake wote ili kuwasaidia, na mnada ukaingiza takribani pauni 400. Profesa William Buckland wa Oxford alipotangaza pterosauri, mnyama mwenye mabawa ambaye Mary alimpata mwaka 1828, alimtaja jina. Henry De la Beche alichora picha ya bahari ya kale mwaka 1830, na mauzo ya nakala zake yakamsaidia Mary. Na Louis Agassiz kutoka Uswisi alitoa jina la Anning kwa samaki wawili wa kale. Lakini hao ni wachache. Kwa wengi Mary alikuwa ni yule mwanamke wa Lyme anayeuza mawe. Wanakuja, anawazungusha ufukweni siku nzima, anawafundisha, wanarudi mjini na kuandika vitabu.

Na yeye aliliona hilo. Usifikiri alikuwa mpole asiyejua thamani yake. Mwaka 1844 mfalme wa Saxony, huko Ujerumani, aliingia dukani kwake. Daktari wa mfalme akamwomba amwandikie jina lake kwenye daftari. Mary akaandika, akamrudishia, akamwambia kwamba yeye anajulikana Ulaya nzima. Anauza mawe, anadaiwa, lakini mbele ya mfalme jina lake analijua!

Alifariki tarehe 9 Machi 1847 kwa saratani ya titi, akiwa na miaka 47. Chama kilichomfungia mlango akiwa hai kilimsomea wasifu mwaka uliofuata, na mwaka 1850 wanachama wake wakachangia dirisha la vioo vya rangi kanisani kwake. Bongo tuna msemo wetu kuhusu maua na marehemu, mnaujua.

KUNA WENGINE HATA MARY HATUWAJUI

Hapa ndipo mimi huwa natulia kidogo. Maana hata kwenye stori ya Mary mwenyewe kuna watu wamepotea. Wale vibarua waliochimba iktiosauri mwaka 1812 walikuwa nani? Walilipwa shilingi ngapi? Nani aliyeshika koleo, nani aliyebeba? Tunajua walikuwepo kwa sababu mnyama wa mita 5 ndani ya jiwe hatolewi na mtoto wa miaka 12. Zaidi ya hapo, kimya. Mary kwa miaka mingi alikuwa mtu asiyetajwa, na nyuma yake kulikuwa na wengine ambao hawatatajwa milele.

Na hii habari imefika mpaka kwetu, tena kwa njia iliyonyooka. Yale makumbusho ya London yaliyo na fuvu la Lyme ndiyo hayohayo yaliyotuma watu Tendaguru, mkoani Lindi, kuanzia mwaka 1924, kutafuta mifupa ya dinosaria. Walikuwa wanafuata nyayo za Wajerumani, ambao kati ya 1909 na 1913 walichukua pale zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe. Mnyama mmojawapo amesimamishwa Berlin tangu mwaka 1937, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Vitabu vinawataja mabwana wawili, Werner Janensch na Edwin Hennig.

Sasa hizo tani nani alizichimba? Mamia ya watu wa kusini, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji kuiacha mikoa ile na njaa. Na nani alizipeleka bandarini Lindi? Haohao, kwa miguu, mizigo ikiwa kichwani na mabegani, siku kadhaa porini. Mmoja wao tunamjua jina: Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi na fundi mkuu wa kuandaa mifupa. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu lenye jina lake ndani, Australodocus bohetii. Ni karibu miaka 100 baadaye. Wengine wengi tunawaona kwenye picha tu, wamebeba, wanatembea.

Lyme na Lindi, bahari mbili tofauti, mchezo uleule.

UKIENDA LEO

Mambo yamebadilika kiasi. Mwaka 2001 pwani ile iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Makumbusho ya mji yamejengwa palepale ilipokuwa nyumba aliyozaliwa Mary. Mwaka 2020 ikatoka filamu ya Ammonite, Kate Winslet akiigiza kama yeye, ingawa ile stori ya mapenzi iliyomo ni ya kubuni. Na kubwa zaidi: mwaka 2018 binti mdogo wa shule wa Dorset aliuliza kwa nini Mary hana sanamu. Yeye na mama yake wakaanza kuchangisha. Tarehe 21 Mei 2022, siku ya kuzaliwa kwa Mary, sanamu ikazinduliwa ufukweni. Yupo anatembea, nyundo mkononi, kikapu, na Tray pembeni yake. Umeona? Wakubwa walikaa na hiyo habari miaka na miaka, aliyeuliza ni mtoto.

Kwa mwenye safari ya Uingereza, au ndugu zetu mnaoishi kule, zingatia haya. Kwanza angalia ratiba ya maji kujaa na kupwa kabla hujatembea kwenda upande wa Charmouth. Nenda maji yanapopwa, si yanapojaa. Pili, usisogelee kuta za mwamba. Mwaka 2008 karibu mita 400 za pwani hiyo ziliporomoka kwa mpigo. Tatu, vile vilivyolala ufukweni unaweza kuokota, ila usichimbe kwenye mwamba, na ukipata kitu cha maana kiandikishwe ili wataalamu wakijue. Nne, pita Monmouth Beach maji yakiwa yamepwa, utakuta sakafu ya mwamba imejaa amonaiti wakubwa, wengine kama tairi la gari. Hao hawabebeki, piga picha tu. Na chipsi zako zishike vizuri.

Ukisimama pale, angalia pia ardhi yenyewe. Bahari bado inatafuna. Kila dhoruba ikipita, kuna mtu asubuhi yake anashuka na nyundo na begi, pengine ni fundi, pengine ni mwanafunzi, na ndiye wa kwanza kuona kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiona. Tofauti ni kwamba siku hizi ana nafasi ya jina lake kuandikwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo wadau, somo langu ni dogo tu. Ukifanya kazi, andika jina lako. Na ukisimama mbele za watu kueleza kazi iliyofanywa na wengi, wataje. Haikupunguzii kitu. Buckland alimtaja Mary na bado yeye ni Buckland.

Sasa zamu yenu. Nani unamjua wewe, mtaani kwenu, kazini au kwenye ukoo wenu, aliyefanya jambo kubwa halafu sifa akachukua mwingine? Na wadau wa Lindi, kuna yeyote ambaye babu au bibi yake aliwahi kusimulia habari za kubeba mifupa ya Tendaguru? Tiririka hapo chini, na ukiandika, tafadhali taja majina yao.